Nyasi za Nyumbani Wakati wa Kaskazi: Namna ya Kuzivusha Mpaka Masika

Kuanzia katikati ya Desemba mpaka mvua za masika zinapoanza mwezi wa tatu, swali ninaloulizwa ni lile lile: "Kaka, majani ya uani yanageuka njano, na mimi namwagilia kila siku. Nakosea wapi?" Nimelijibu kwenye simu, nimelijibu kitaluni, nimelijibu hata ndani ya daladala. Sasa naliandika lote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili ukisimama mbele ya nyasi zako ujue ufanye nini leo na nini usikiguse kabisa.

Ninayoandika ni ya Dar es Salaam na mwambao wote: Tanga, Bagamoyo, Unguja, Pemba, Mombasa. Huku kaskazi hupandisha joto la mchana hadi nyuzi 32 au 33, na Januari na Februari mvua ni ya bahati. Kama uko Dodoma, hatua ni hizi hizi ila kalenda ni nyingine: miezi yako ya hatari ni Septemba hadi Novemba, kabla mvua hazijaanza.

Kabla ya yote, fahamu kwamba nyasi zetu ni za nchi ya joto. Zikiwa na maji ya kutosha, jua la Februari zinalipenda. Nyingi nilizoitwa kuziangalia zikiwa zimekufa hazikuuliwa na jua, ziliuliwa na mkono: zilikatwa hadi udongo ukaonekana, zikanyweshwa maji kidogo kidogo kila jioni, halafu zikatupiwa urea ili zichangamke. Kazi yako miezi hii ni kulinda mizizi. Rangi utaidai masika.

Tambua kwanza una nyasi gani

Huwezi kutunza usichokijua, na hapa ndipo wengi wanapoanza vibaya. Chuchumaa, shika jani, litazame.

Ukoka wa kawaida una majani membamba, mafupi, na shina linalotambaa juu ya ardhi na chini yake. Ndio unaoota wenyewe pembeni mwa barabara. Huvumilia kiu kuliko zote, ila kivulini hautaki kabisa.

Ukoka wa Pemba una majani mapana, bapa, yenye ncha ya mviringo, na mashina manene yanayotambaa juu ya udongo. Ni nyasi ya pwani hasa. Hukubali kivuli cha mwembe au mkungu, na chumvi huivumilia kiasi. Lakini kiu haiwezi kama ukoka wa kawaida, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukulilia.

Paspalum ya pwani ina jani la wastani, laini, kijani kilichokolea. Sifa yake kubwa ni kuvumilia maji ya chumvi. Wenye visima vya maji chumvi Kigamboni au Mbezi Beach, nyasi yenu ni hii.

Kama ulileta nyasi ya Kikuyu kutoka Arusha au Nairobi kwa sababu uliipenda ulipoiona kule, jua kwamba ni nyasi ya nyanda za juu zenye baridi. Pwani itakusumbua kila kaskazi. Ushauri wangu ni kuibadilisha masika yakija.

Vitu vya kuandaa

- Mpira wa maji unaofika kila kona, wenye kichwa cha kunyunyizia. Kama huna, keni ya kumwagilia au ndoo iliyotobolewa matundu madogo chini.
- Ndoo ya lita 20 na saa ya kupima dakika (ya kwenye simu inatosha).
- Makopo matupu manne au matano yenye kimo sawa, kwa mfano ya samaki au nyanya.
- Rula.
- Kisu cha zamani au bisibisi ndefu.
- Uma wa bustani wenye meno manne. Ukikosa, nondo nyembamba iliyochongwa ncha.
- Mashine ya kukatia nyasi au fyekeo, pamoja na tupa ya kunolea.
- Reki ya meno laini.
- Mboji au samadi iliyoiva, viroba viwili vitatu. Hii itasubiri, nitakuambia lini uitumie.

Urea sijaiandika, na sikuisahau.

Hatua ya 1: Pima eneo lako na kasi ya maji yako

Pima urefu na upana kwa mita, kwa hatua za miguu au kwa futi ya kupimia (tepu), kisha zidisha. Uwanja wa mita 8 kwa 5 ni mita za mraba 40.

Miezi hii nyasi huhitaji kama milimita 25 za maji kwa wiki. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo kila mita ya mraba inataka lita 25 kwa wiki, na ule uwanja wa mita 40 unataka lita 1,000, yaani simtanki moja la lita elfu. Hesabu hii huwashtua watu. Ndio sababu namwomba kila mtu aifanye mapema: kama nyumba yako haiwezi kutoa maji hayo bila watu kukosa ya kuoga, basi punguza eneo utakalolihudumia, au ruka moja kwa moja hadi hatua ya 8.

Sasa fungulia maji kwenye ndoo ya lita 20 na uhesabu dakika. Tuseme imejaa kwa dakika 2. Ili utoe lita 500, ambayo ni nusu ya mahitaji ya wiki ya uwanja ule, utahitaji ndoo 25, yaani dakika 50. Mtu anayesimama na mpira kwa dakika 10 akidhani amemwagilia ametoa lita 100 tu. Maji yale hayavuki sentimita mbili za juu, na saa nne asubuhi jua limeshayanywa yote.

Kama unatumia kinyunyizio kinachozunguka, panga makopo yako sehemu tofauti za uwanja, kiwashe kwa nusu saa, kisha pima kwa rula maji yaliyoingia katika kila kopo. Utaona kona nyingine zina milimita 10 na nyingine 3. Yale madoa ya njano yanayokutesa kila mwaka, mara nyingi yako kwenye makopo ya 3.

Hatua ya 2: Mwagilia alfajiri, maji mengi, siku chache

Muda mzuri ni kati ya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi. Upepo umetulia, udongo umepoa, maji yanazama badala ya kupeperuka. Jua likitoka, majani yanakauka upesi na ukungu haupati nafasi.

Gawa maji ya wiki hivi:

- Udongo wa kichanga, ambao ndio ulioenea pwani: mara tatu kwa wiki, milimita 8 kila mara. Mchanga haushiki maji mengi. Ukimwaga yote kwa mkupuo mmoja yanapita chini ya mizizi.
- Udongo mzito wa mfinyanzi: mara mbili kwa wiki, milimita 12 au 13 kila mara. Ukiona maji yanaanza kutuama au kutiririka kwenda kwa jirani, simama nusu saa, kisha endelea.

Saa moja baada ya kumwagilia, chimba kidogo kwa kisu pembeni pasipoonekana. Udongo uwe na unyevu hadi sentimita 10 kwenda chini. Kama juu pamelowa na chini ni vumbi, hujamwagilia, umeosha majani.

Maji kidogo ya kila siku yanaharibu kwa sababu mizizi hufuata maji. Maji yakiishia juu, mizizi nayo hubaki juu, kwenye udongo unaochemka mchana. Siku moja tu maji yasipotoka bombani, nyasi zote zinalala chini. Mizizi iliyoshuka sentimita 15 inaweza kukaa siku tatu nne bila kulalamika.

Tahadhari mbili:

Mpira uliolala juani una maji ya moto ndani yake. Nimeona mistari ya nyasi zilizoungua kama zimepikwa, kisa ni yale maji ya mwanzo. Yamwage pembeni kwenye changarawe mpaka uone yamepoa, ndipo uanze. Na ukimaliza usiuache mpira juu ya nyasi, ukunje uuweke kivulini.

Usimwagilie jioni kila siku. Najua ndipo unaporudi kazini, na siku moja moja hailetei mtu maafa. Lakini nyasi zinazolala mbichi usiku kucha, katika hewa yetu ya unyevunyevu, hushikwa na ukungu. Kama hapo nyumbani kuna anayeamka mapema kwa swala ya alfajiri au kuwaandaa watoto wa shule, mpe kazi hiyo siku tatu za wiki.

Hatua ya 3: Jifunze kuona kiu kabla ya njano

Njano ni taarifa iliyochelewa. Dalili za kwanza ni tatu. Rangi hubadilika kutoka kijani kibichi kwenda kijivu chenye ubluu. Majani hujikunja kwa urefu, kama mkeka unaoanza kukunjwa. Na ukipita juu ya nyasi jioni, ukageuka, nyayo zako bado zinaonekana. Nyasi zilizoshiba huinuka zenyewe.

Ukiona dalili hizi sehemu moja tu, mwagilia sehemu hiyo kesho yake alfajiri, usilazimike kumwagilia uwanja mzima. Ukiona saa 8 mchana lakini jioni zimeinuka, tulia. Hiyo ni nyasi inayojikinga na jua kali, haijafika kwenye shida.

Hatua ya 4: Pandisha kimo cha kukata

Kama una nafasi ya kubadilisha jambo moja tu katika mwongozo huu, badilisha hili.

Jani refu hufunika udongo, hulipa kivuli shina lake lenyewe, na ndilo linalolisha mizizi. Ukilikata hadi chini umeacha udongo uchi juani na umeinyima mizizi chakula, wakati ule ule inapohitaji nguvu ya kutafuta maji chini. Kimo cha kuacha miezi ya kaskazi ni hiki:

- Ukoka wa kawaida: sentimita 4 hadi 5
- Paspalum ya pwani: sentimita 5
- Ukoka wa Pemba: sentimita 7 hadi 8

Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukoka wa Pemba uliofika sentimita 12, ukatie 8 leo. Kama ulisafiri sikukuu ukarudi ukakuta msitu, punguza leo, subiri siku nne au tano, punguza tena. Ukikata yote kwa siku moja utabaki na vijiti vya rangi ya majani makavu, na Februari havitakurudishia kitu.

Naisikia hofu ya nyoka, maana kila ninapotaja kimo hiki mama mwenye nyumba huniambia nyasi ndefu zinaleta nyoka, na haki anayo ya kuogopa, hasa penye watoto. Lakini nyasi ya sentimita 7 ni urefu wa kidole chako cha kati. Nyoka haifichiki humo kama inavyojificha kwenye rundo la matofali, mbao za zamani, magunia na takataka zilizoegeshwa ukutani. Ondoa hizo, kata kingo za uzio ziwe fupi, na uwanja uachie kimo chake.

Kisu cha mashine au fyekeo kiwe kikali. Kisu butu huchana jani badala ya kulikata, na ncha iliyochanika hukauka ikawa nyeupe. Tazama majani siku moja baada ya kukata: kama uwanja mzima una kijinyweleo cheupe juu, tatizo ni kisu chako. Piga tupa. Kwa fundi wa fyekeo anayekuja kukata kwa kibarua, msimamie kwa upole mwanzoni na umwonyeshe kimo kwa rula. Wengi wao wamezoea kusifiwa wakikwangua, kwa hiyo usipomwambia atakukwangulia.

Kata jioni au asubuhi baada ya umande kukauka. Usikate saa 7 mchana, wala usikate nyasi zenye dalili za kiu. Mwagilia kwanza, ukate kesho yake.

Hatua ya 5: Acha mabaki, punguza fagio

Vipande vidogo vilivyokatwa viache vianguke hapo hapo. Hufunika udongo, hupunguza maji yanayopotea, na vikioza hurudisha chakula. Kusanya tu pale vilipoanguka kwa mafungu mazito yanayofunika nyasi.

Sasa suala la fagio. Kufagia uani kila asubuhi ni heshima ya nyumba, nimelelewa hivyo na sikatazi. Ila fagio la chelewa likitumiwa kwa nguvu juu ya nyasi hung'oa mashina yanayotambaa na kuondoa ule ufuniko unaolinda udongo. Fagia njia, baraza na sehemu ya udongo. Majani ya mwembe yaliyoanguka juu ya nyasi yaondoe kwa reki laini, bila kukwangua.

Hatua ya 6: Toboa udongo ulioshindiliwa

Pale gari linapoegeshwa, pale watoto wanapochezea mpira, pale njia ya mkato kwenda bombani inapopita, udongo hushindiliwa mpaka maji yanateleza juu. Chomeka bisibisi baada ya kumwagilia. Ikigoma kuingia, pamefungamana.

Lowesha sehemu hiyo jioni. Alfajiri ingiza uma wa bustani wima sentimita 8 hadi 10, utikise kidogo mbele na nyuma, utoe, usogee kiganja kimoja, urudie. Mwaga mboji nyembamba juu, isukume kwa reki iingie kwenye matundu, kisha mwagilia. Fanya sehemu zilizogoma tu. Kutoboa uwanja mzima wakati wa joto ni kuongeza vidonda bila sababu. Kazi hiyo kubwa iache mpaka mvua.

Hatua ya 7: Zuia mkono wako na mbolea na dawa

Urea ina naitrojeni asilimia 46. Ukiimwaga kwenye nyasi zenye kiu, chumvi yake huvuta maji kutoka kwenye mizizi, na nyasi zinaungua kwa siku mbili. Hata isipounguza, inazilazimisha kutoa majani mapya laini yanayotaka maji zaidi, wakati wewe unahangaika na maji yaliyopo. Kwa hiyo kuanzia Januari mpaka mvua zishike, usiweke.

Samadi mbichi ya kuku ni vivyo hivyo; ikiwa bado ina joto ukiishika na harufu kali ya mkojo, iache iive. Mboji iliyoiva, ambayo inanukia udongo, unaweza kuitandaza nyembamba, nusu sentimita, wakati wowote mradi unamwagilia.

Magugu yang'oe kwa mkono baada ya kumwagilia, udongo ukiwa laini. Mbigili iwahi kabla haijatoa miiba, la sivyo watoto hawatacheza hapo. Ndago inahitaji uvumilivu: ina vitunguu vidogo chini ya udongo, ukikata juu inarudi baada ya siku chache. Chimba kwa kisu utoe kitunguu chenyewe. Ndago ikizidi sehemu moja, angalia kama bomba linavuja au maji yanatuama pale.

Usinyunyizie dawa ya kuua magugu yenye glaifosati juu ya nyasi zako ukidhani itachagua. Haichagui. Inaua kila chenye kijani, na kila mwaka nauliziwa juu ya uwanja mzima uliokufa kwa namna hiyo.

Hatua ya 8: Maji yasipokuwepo

Mwisho wa mwaka 2022 Mto Ruvu ulipungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Wakati kama ule, nyasi si kipaumbele cha mtu yeyote mwenye akili timamu, na habari njema ni kwamba si lazima zife.

Ukoka wa kawaida una uwezo wa kulala. Majani yanakauka yote, yanakuwa rangi ya mkate, lakini mashina ya chini yako hai. Unachotakiwa ni kuulowesha kidogo, milimita 10 hadi 12, kila baada ya wiki mbili au tatu. Hautakuwa kijani, na wala usitake uwe. Hayo ni maji ya kuziba kiu ya shina. Ukoka wa Pemba hauvumilii hivyo. Ukiwa na maji machache, yapeleke kwake kwanza, na uchague kipande kilicho karibu na baraza badala ya kugawa maji haba kwenye uwanja mzima.

Nyasi zikishalala, usizikanyage. Jani kavu halina kinga, na shina likikandamizwa na tairi au mchezo wa mpira halitaamka.

Maji ya akiba uliyonayo ndani:

- Yanayodondoka kwenye kiyoyozi: yakinge kwenye ndoo. Hayana chumvi, ni mazuri sana.
- Ya kuoshea mboga na mchele: mwaga moja kwa moja.
- Ya suuzo la mwisho la kufua: yanafaa kwa kubadilishana na maji safi, usiyamwage sehemu ile ile kila mara.
- Yenye jiki au sabuni nyingi ya unga: hapana. Sodiamu iliyomo hufunga udongo, na jiki huunguza.

Wenye kisima cha maji chumvi, msimwagilie kidogo kidogo. Maji hupotea hewani na chumvi hubaki juu, mpaka udongo unaota ukoko mweupe. Mwagilia kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi, na kila baada ya wiki mbili tumia maji matamu mara moja, kama unaweza kuyapata.

Shida zinazojitokeza na namna ya kuzitatua

*Madoa ya mviringo ya njano yenye duara la kijani kilichokolea pembeni.* Ni mkojo wa mbwa. Mwaga ndoo moja ya maji hapo hapo siku hiyo hiyo. Doa la zamani lililokwisha kufa, lirekebishe masika.

*Ncha za majani ni kahawia, katikati bado ni kijani.* Kama nyeupe nyeupe iliyochanika, ni kisu butu. Kama imeungua vizuri na udongo una ukoko mweupe, ni chumvi.

*Sehemu inanyauka ingawa udongo una unyevu.* Shika nyasi kwa mkono uvute. Zikiinuka kama kapeti bila kushika, mabuu meupe ya mbawakawa yamekula mizizi. Chimba kidogo utayaona yamejikunja kama herufi C. Machache yaokote au waachie kuku. Kama ni wengi kila kipande unachofunua, nenda duka la pembejeo na mdudu mwenyewe kwenye kopo ili muuzaji akupe dawa inayomhusu.

*Majani yanaliwa usiku, uwanja unakonda kwa siku chache.* Shuku viwavijeshi. Changanya vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita 4 za maji, mwaga kwenye mita moja ya mraba, subiri dakika kumi. Kama wapo, watapanda juu. Kisha suuza kwa maji safi.

*Mirija ya udongo juu ya nyasi kavu.* Ni mchwa. Wao hupenda kilichokwisha kukauka, kwa hiyo mara nyingi wamefuata kifo, hawakukileta. Vunja mirija, lowesha vizuri, ondoa magogo na mbao zilizo karibu.

*Maji yanabaki juu kama matone, hayazami kwenye mchanga.* Mchanga uliokauka kupita kiasi huyakataa maji. Nyunyiza kidogo, subiri dakika kumi na tano, nyunyiza tena, mara tatu nne mpaka ukubali. Mboji itausaidia baadaye.

*Doa kubwa lenye umbo la mstatili limekufa kwa siku moja.* Jiulize nini kilitandikwa hapo. Turubai la sherehe, mkeka wa plastiki au bwawa la watoto likikaa juani saa chache hupika nyasi chini yake. Miezi hii shughuli ikiwepo, vitu hivyo visikae juu ya nyasi mchana kutwa.

*Chini ya mwembe hapaoti kitu.* Ukoka wa kawaida hautakaa hapo, usiendelee kuununua. Panda ukoka wa Pemba, na ikiwa kivuli ni kizito mno, tandaza changarawe uweke benchi. Ni mahali pazuri pa kukaa mchana.

*Hujui kama zimelala au zimekufa.* Chagua kipande cha ukubwa wa trei. Kimwagilie vizuri kila baada ya siku mbili kwa siku kumi hadi kumi na nne. Vichipukizi vya kijani vikitoka kwenye mashina, uwanja wako uko hai. Visipotoka, na mashina yanavunjika makavu hadi ndani, hapo panahitaji kupandwa upya.

Mvua zikishashika

Usinunue nyasi mpya Februari hata kama muuzaji amekupunguzia bei na kirikuu iko mlangoni. Ngoja mvua inyeshe siku kadhaa mfululizo, kawaida kuelekea mwisho wa Machi au Aprili mwanzoni, udongo uwe umelowa hadi sentimita 15.

Hapo ndipo toboa uwanja mzima kwa uma, tandaza mboji uliyoiweka, na ziba mapengo. Huna haja ya kununua nyingi: chukua mashina yanayotambaa kutoka sehemu iliyonawiri ya uwanja wako, yakate vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, fukia vifundo viwili, kimoja au viwili vibaki juu, kwa nafasi ya kiganja kati ya shina na shina. Kandamiza kwa mguu. Baada ya wiki tatu nne, vipande vikishatoa majani mapya, weka mbolea: urea kilo 1 kwa mita za mraba 100, isambazwe majani yakiwa makavu, siku ambayo una hakika mvua inakuja au una maji ya kuiosha ishuke chini. Uwanja wa mita 40 ni gramu 400. Pima kwenye mizani ya dukani, usikadirie kwa kopo.